Hoteli ya "dakika 10 kwa mguu" mpaka Disneyland, kumbe njia ishazibwa (uzoefu wangu Anaheim, nyota 2 kati ya 5)

Jamani nimekaa na hili jambo rohoni wiki kadhaa nikasema bora niliandike tu, maana najua Waswahili tupo wengi huku Arizona, California, Texas na kwingine, na kila likizo ya shule ikikaribia mtu anauliza "nikiwapeleka watoto Disneyland nilale wapi?" Na wengi wetu jibu tunalolitafuta ni moja, hoteli ambayo unatoka na watoto wako unatembea kwa mguu mpaka getini, hakuna gari, hakuna basi. Mimi niliilipia hiyo hoteli. Nikafika nikakuta njia haipo. Jina la hoteli siliweki hapa kwa sababu bado tunaandikiana na maneja wao na sijui itaishaje, ila yaliyotokea nitayasema yote.

Sisi tunakaa Phoenix. Kwa gari mpaka Anaheim ni kama saa 6 kwa barabara ya I-10 ukisimama kujaza mafuta na watoto kwenda chooni. Tulikuwa watano, mimi, mume wangu, mtoto wa miaka 6, mdogo wake wa miaka 3 (huyu naye analipa tiketi, wanaoingia bure ni wale ambao hawajafika 3), na mama yangu mzazi ambaye alikuja Agosti kututembelea kutoka Morogoro. Mama ana miaka 68 na goti la kulia linamsumbua, anatembea vizuri tu lakini sio mbali, na akishakaa kwenye gari muda mrefu ndo kabisa. Kwa hiyo kabla ya kubuku nilikaa usiku mbili baada ya shifti nasoma hoteli moja baada ya nyingine, napima kwenye ramani, nasoma maelezo. Hii ilikuwa ghali kuliko ile nyingine tuliyoiona kwa dola 46 kwa usiku, na tuliichukua kwa sababu moja tu, kwenye tovuti yao wameandika dakika 10 kwa mguu mpaka lango la Disneyland kwa njia ya nyuma ya hoteli, na wameweka na picha, familia inatembea kwenye kinjia chenye maua pembeni. Usiku 4 mara 46 ni dola 184. Hiyo 184 mimi niliitoa kwa ajili ya goti la mama, sikuitoa kwa ajili ya bwawa la kuogelea.

Kwa ambao hamjafika Anaheim ngoja nieleze kidogo maana bila hivi hamtaelewa kwa nini kutembea ni kitu kikubwa pale. Disneyland, ile bustani kubwa ya michezo na burudani, ilifunguliwa Julai 1955 katikati ya mashamba ya michungwa, na Walt Disney aliyeianzisha hakuwa na hela ya kununua ardhi yote ya kuizunguka, kwa hiyo watu wengine wakaja wakajenga moteli na migahawa mpaka mlangoni kwake. Inasemekana jambo hilo lilimuuma sana, na ndo maana walipokwenda Florida kampuni yake ikanunua kimyakimya eneo la kama ekari 27,000 ili asije mtu tena kujibanza pembeni. Sasa faida yake kwetu sisi watu wa kawaida ni kwamba Anaheim kuna hoteli za watu baki zilizopo barabara ya Harbor Boulevard ambazo ziko karibu na lango kuliko hata Disneyland Hotel yenyewe. Unavuka taa za Harbor, unapita ukaguzi wa mabegi, umefika kwenye uwanja ulio katikati ya mageti mawili, kulia Disneyland, kushoto California Adventure, bustani yao ya pili. Ukija na gari lako unalipa paking dola 35 kwa siku, bei ya siku tulizokwenda, halafu jengo lenyewe la paking liko upande wa pili wa eneo lote, unapanda tena kibasi chao. Mwenye miguu yake upande wa Harbor anakuwa ameshaingia ndani wakati mwenye gari bado anatafuta nafasi ghorofa ya 4.

Na kitu ambacho watu wasio na watoto wadogo hawakijui ni mapumziko ya mchana. Bustani zinafunguliwa asubuhi saa 2 mpaka usiku wa manane siku nyingine, hakuna mtoto wa miaka 3 anayeweza hiyo. Kinachofanyika ni mnaingia asubuhi mapema foleni zikiwa fupi, saa 7 mchana mnatoka, mnarudi hotelini mnalala, mnaoga, saa 11 jioni mnarudi ndani mpaka fataki. Tiketi inaruhusu kutoka na kuingia. Lakini hiyo ratiba inategemea kitu kimoja, hoteli iwe ya kutembea. Ikiwa mbali hakuna mtu anayerudi, mtoto analala kwenye kigari chake cha kusukuma juani na mtu mzima anasinzia kwenye benchi.

Tukafika Jumatano jioni. Chumba kizuri, vitanda visafi, mapokezi wamechangamka, sina la kusema hapo. Nikamuuliza dada wa mapokezi njia ya kwenda bustani iko wapi, akatoa ramani ya karatasi, ile ya fotokopi, halafu akachukua kalamu akakata kwa mstari ile njia iliyochorwa nyuma ya hoteli, akachora nyingine, inatoka mbele, inaenda Katella Avenue, inakata kushoto kulia mpaka kona ya Harbor, halafu inapanda Harbor mpaka juu. Aliifanya haraka haraka kama mtu aliyeshaifanya mara nyingi. Nikamwambia dada, mbona umeikata hii? Akasema ah hiyo haitumiki tena, jirani amefunga. Tangu lini? Akasema tangu kiangazi. Sisi tulibuku Septemba.

Mume wangu akasema twende tukaone kwa macho yetu. Tukazunguka nyuma, tukapita bwawa, tukapita mashine ya barafu, tukakuta kile kinjia cha kwenye picha, maua yapo kweli na yamemwagiliwa. Mwisho wake kuna kile kigeti kidogo cha chuma chenye sehemu ya kugusisha kadi ya chumba, ila ile sehemu wameizungushia plastiki nyeusi ya takataka na gundi ya karatasi. Na nyuma ya geti, kama hatua moja tu, uzio mpya wa wavu umefunikwa kitambaa cha kijani, mrefu kuliko mume wangu. Chini kwenye sakafu bado kuna mishale ya njano waliyochora kuelekeza watu, na alama za nyayo ndogondogo za watoto, zinakwenda zinakwenda zinaingia chini ya uzio. Mwanangu wa miaka 6 akawa anakanyaga zile nyayo moja moja akafika kwenye wavu akasimama, akageuka akaniangalia. Mi nilishindwa hata kumjibu.

Kilichotokea, kwa maelezo niliyopewa baadaye na maneja, ni kwamba ile njia haikuwa ya hoteli. Ilikuwa inapita kwenye paking ya moteli ya jirani ndo inatokea Harbor, na jirani alikuwa ameruhusu kwa makubaliano tu, hakuna haki yoyote iliyoandikwa kwenye hati ya ardhi. Moteli ikauzwa, mwenye mali mpya anataka kujenga, na bima yake haitaki wageni wa watu wengine wanakatiza kwenye eneo lake na vigari vya watoto usiku. Akaweka uzio. Sasa mimi hapo simlaumu yule jirani hata kidogo, ardhi ni yake. Hata kwetu Kihonda, kule Morogoro, vichochoro vinafungwa kila siku, mtu ananunua kiwanja anajenga ukuta na mtaa mzima unaanza kuzunguka kwenda dukani. Mama alivyosikia alisema kitu kimoja tu, "mwanangu, lakini anayejenga ukuta anapiga hodi kwanza." Na hoteli ndo ilitakiwa ipige hodi kwangu. Walikuwa na imeli yangu, walikuwa na namba yangu ya simu, waliweza kunitumia ujumbe mara 3 kunikumbusha nilipie chakula cha asubuhi mapema nipate punguzo.

Haya, kesho yake Alhamisi tukatembea. Mume wangu alitangulia peke yake alfajiri kupima, mtu mzima mwenye miguu mirefu, akatumia dakika 19 mpaka kwenye ukaguzi. Sisi wote pamoja na mama na kigari tulitumia dakika 31. Nimeandika 31 kwa sababu niliangalia saa. Katella sio mtaa wa kupita na bibi, ni barabara pana ya magari mengi, taa ya kuvukia inakupa muda mfupi na mama alikuwa anaianza kijani anaimaliza nyekundu inapepesa, mimi nimemshika mkono, mume wangu anasukuma kigari, mtoto mkubwa kashika kigari. Kurudi mchana saa 7 ndo ilikuwa mbaya zaidi, Oktoba lakini jua la Anaheim lilikuwa linachoma na pale kwenye Harbor kivuli ni kidogo. Tulifika chumbani karibu saa 8, mtoto mdogo analia, mama amekaa kitandani anajikanda goti. Hakuna aliyerudi jioni ile. Tiketi za watu watano, nusu siku imekwenda.

Mtu atasema si mngekodi kiti mwendo. Ndani vinakodishwa ndiyo, pale pale karibu na geti la kuingilia, na tulikodi, na wafanyakazi wa bustani walikuwa na adabu sana kwa mama. Lakini kile kiti hakitoki nje, ukimaliza unakiacha pale pale. Kwa hiyo ile sehemu ya safari ambayo mtu mwenye goti bovu anahitaji msaada kuliko zote, yaani kutoka getini mpaka kitandani akiwa ameshachoka, ndo sehemu hiyo hana kitu.

Hoteli walisema tupande basi la kulipia, kituo kiko nje. Tukajaribu Ijumaa asubuhi. Unalipa kwa kichwa kwa siku, unasubiri, likija lazima umtoe mtoto kwenye kigari, ukikunje, ukibebe, umpandishe bibi, ukae, na linasimama hoteli nyingine kabla ya kufika. Asubuhi tulivumilia. Usiku baada ya fataki foleni ya basi ilikuwa ndefu, watu wote wanatoka kwa wakati mmoja, basi la kwanza likajaa tukaachwa, la pili likachelewa, watu wanasogea sogea wanasukumana na watoto wamelala mabegani. Hapo mama akawa hayupo na sisi, na hili ndo linaloniuma mpaka leo.

Ijumaa ile mchana alisema mi nimechoka nirudisheni nikalale, mtaniletea habari za fataki. Tukasema hapana mama, utaziona, umetoka Morogoro. Mume wangu akamrudisha, wakakubaliana saa 3 kasoro usiku amfuate tena. Wakatoka hotelini kwa mguu maana basi lilikuwa limepita. Walipofika katikati Katella goti likakataa. Kuna benchi la kituo cha basi, wakakaa. Fataki zikaanza. Mume wangu anasema mama alivua raba zake akaziweka pembeni vizuri zimeelekeana, akakaa anaangalia juu ya paa la mgahawa, zile za juu kabisa unaziona nusu, za chini unasikia mlio tu. Mi niko ndani na watoto mbele ya ile kasri, nimemshikia nafasi tangu saa 1 na nusu, nimetandika kanga yake chini ili asikae kwenye sakafu, watu wananiuliza hapa kuna mtu, nasema yupo anakuja. Kanga ilibaki wazi mpaka mwisho.

Kwa njia ya nyuma angekuwa amefika. Mimi najua angefika, dakika 10 mama yangu anaziweza.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwa maneja, sikwenda kugombana, nilikwenda na simu nimefungua ukurasa wao wenyewe, nikamwonyesha "dakika 10" na picha ya familia na maua. Alikuwa muungwana, akasema anaelewa, akasema tovuti inasimamiwa na ofisi nyingine na wao pale walishaomba ibadilishwe. Akatufutia ada ya huduma na paking kwa siku 2. Nilimshukuru. Lakini nilimwambia na hapa narudia, mimi siombi soda ya bure, mimi naomba ile tofauti ya dola 184 kwa sababu nililipia njia, na njia hamkuwa nayo siku mliyochukua hela yangu. Akasema ataipeleka juu. Wakati natoka nikaona baba mmoja na mabinti zake wawili, mmoja kavaa gauni la njano la kifalme, wanashuka kule nyuma wanafuata mishale. Nikawaita nikawaambia imefungwa, rudini mtokee mbele. Yule baba akaniuliza imefungwa leo tu? Ndo nikajua ramani haikatwi kwa kila mtu, inakatwa kwa aliyeuliza.

Sasa kwa nyie mnaopanga kwenda, haya ndo ningependa mtu angeniambia. Usiishie kwenye ramani ya simu, kwa sababu Septemba ramani yangu ilikuwa bado inanipitisha kwenye kile kichochoro kama kipo. Piga simu hotelini, usiandike, piga, ongea na mtu wa mapokezi wa pale pale sio wa kituo cha simu, muulize, nikitoka mlangoni kwenu sasa hivi na kigari cha mtoto napita wapi? Halafu muulize hiyo njia inapita kwenye ardhi ya nani. Akikwambia ni yetu au ni barabara ya jiji, sawa. Akisema "huwa tunapitia kwa jirani" basi jua ni ruhusa tu na ruhusa inaweza kuisha Jumanne ukiwa umelipa Jumatatu. Kama una mzee au mtoto mdogo lipia hoteli ambayo mlango wake unafungukia Harbor yenyewe, hata kama chumba ni cha zamani na zulia limechakaa, maana pembeni ya barabara ya jiji hakuna jirani wa kukuwekea wavu. Na kama hela ipo kabisa, Grand Californian ya Disney wenyewe ina geti lake linaloingia moja kwa moja California Adventure, ila bei yake ni ya kukaa chini kwanza na kuongea na mwenzio.

Na hata hao wa Harbor wenyewe wanakaa macho. Miaka ya 2016 na 2017 kulikuwa na mpango wa Disney wa kujenga paking kubwa upande wa mashariki na daraja la waenda kwa miguu kupita juu ya Harbor, wenye hoteli wakapiga kelele kwamba wageni wao wanaovuka barabara tu na kuingia watazungushwa mbali kwenda kutafuta daraja. Mpango ukaachwa, paking ikajengwa upande ule mwingine ikafunguliwa 2019. Mwaka 2024 jiji la Anaheim lilipitisha mpango mkubwa wa upanuzi wa Disney, na paking ya upande wa mashariki imo tena kwenye mpango huo. Kwa hiyo hoteli yoyote pale inayokwambia "unatembea tu" muulize na mwaka wako wa kusafiri njia itakuwaje. Ni tofauti na Florida, kule shemeji yangu alilala hoteli ya Disney yenyewe, Contemporary, wakawa wanatembea kama dakika 10 mpaka Magic Kingdom, bustani ya Disney ya kule, njia, hoteli na bustani vyote vya mwenye mali mmoja, na mwaka 2020 wakaongeza njia nyingine kutoka Grand Floridian, hoteli yao nyingine, yenye daraja linalozunguka kupisha boti. Akitaka kuifunga kwa matengenezo ni yeye, na mgeni anajua wa kumuuliza.

Kwa haki niseme na mazuri ya hoteli yetu, usafi nyota 5, wafanyakazi nyota 4, chai ya asubuhi ya kawaida ila mayai yalikuwa ya moto, bwawa watoto walilipenda na lile saa la mchana la Jumamosi mama alikaa pembeni ya maji miguu ndani na ndo mara pekee nilimwona amepumzika kweli. Kama unakuja na gari, hauna watoto, unakwenda kwenye mkutano pale ukumbi wa Convention Center, ni hoteli nzuri tu, lala. Nyota 2 ni za hiyo njia na za kunyamaza.

Mama amerudi Morogoro Novemba. Juzi nimefungua tena tovuti yao, picha ya familia na maua bado ipo, dakika 10 bado zipo. Nimewaandikia imeli ya tatu na nimeambatanisha picha ya uzio niliyopiga mwenyewe, ile yenye nyayo za njano zinaingia chini ya kitambaa cha kijani. Wakijibu nitakuja kuongeza hapa chini walichosema.